Je, kujieleza unapoomba kazi ni kujisifu?



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi, na nyinyi wazazi ambao jarida hili huwafikia kwa mikono ya watoto wenu, mwaka huu nimeombwa niandike jambo litakalowafaa wale wanaomaliza. Nimechagua suala la kuomba kazi. Sababu ya kulichagua ni binti mmoja aliyesoma katika madrasa hii hii, ambaye mwezi wa Shaaban uliopita alinijia na barua yake ya maombi ili niisome kabla hajaipeleka. Alikuwa anaomba nafasi ya msaidizi wa mwalimu katika shule ya awali. Barua ilikuwa safi, mwandiko mzuri, lakini pale palipotakiwa uzoefu alikuwa ameandika neno moja tu: "Sina."

Binti huyu ninamfahamu. Kwa miaka mitatu, kila siku baada ya Alasiri, amekaa na watoto wadogo wasiopungua arobaini akiwafundisha alifu na bee, na wengine akawafikisha Juzuu Amma. Daftari la mahudhurio alilishika yeye. Ada ya kila wiki aliikusanya yeye na kuifikisha kwa ustadhi bila kupungua hata shilingi. Mtoto akilia anajua kama analia kwa njaa, kwa homa au kwa kuogopa bakora. Nikamuuliza, "Sasa mwanangu, kwa nini umeandika huna uzoefu?" Akanijibu kwa sauti ndogo, "Maalim, nitajisifuje? Ile si kazi, ni thawabu."

Jibu lile lilinifurahisha na kunisikitisha kwa wakati mmoja. Lilinifurahisha kwa sababu ni matunda ya malezi mazuri. Lilinisikitisha kwa sababu nimeona vijana wengi wa Ujiji wakikosa riziki ya halali kwa ajili ya jibu hilo hilo, na wa kwanza wao ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2004 niliitwa kwenye usaili wa ukarani wa ghala katika ofisi moja mjini Kigoma, ambayo sitaitaja. Nilisimama njia nzima ndani ya daladala kutoka Ujiji ili suruali isijikunje. Nikaingia, nikakuta wazee watatu mezani. Mmoja akaniuliza, "Haya kijana, una nini cha kutusaidia hapa?" Nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa kufanya mbele ya wakubwa, nikasema, "Mimi ni mtu wa kawaida tu, wakubwa zangu. Nitafanya lolote mtakaloniamuru." Yule mzee akaandika kitu kifupi kwenye karatasi yake. Dakika tano hazikwisha nikawa nje.

Kazi aliipata kijana mwingine ambaye alieleza kwamba alikuwa akimwandikia mjomba wake hesabu za magunia ya dagaa kule mwaloni. Wallahi, mimi tangu darasa la tano nilikuwa nikishika daftari la madeni katika duka la marehemu baba. Nani amekopa, nani amelipa nusu, nani anadai chenji yake. Usiku hesabu zikigoma tulikuwa tunawasha chemli na kurudia mpaka zikubali. Haya yote sikuyatamka hata neno moja. Kwa miaka mingi niliwalaumu wale wazee kwamba hawakunitendea haki. Siku hizi ninajiuliza, wangejuaje kitu nilichokificha mwenyewe?

Basi hoja yangu ni hii: kusema kweli juu ya kile unachokiweza, mbele ya mtu mwenye haja ya kukijua, si kujisifu wala si kibri. Tuanzie katika Qur'ani.

Someni tena kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), hasa aya ya 55 ya sura yenye jina lake. Amesimama mbele ya mfalme wa Misri, na anaomba yeye mwenyewe awekwe juu ya hazina za nchi. Tena anatoa sababu mbili: kwamba yeye ni mtunzaji mzuri, na kwamba ana ujuzi. Tazameni alichokisema na alichokiacha. Alikuwa mtu wa sura nzuri kupita kiasi, hakulitaja hilo. Alikuwa Nabii, mtoto wa Nabii, mjukuu wa Nabii na kitukuu cha Nabii, hakulitaja hilo pia. Ghala la chakula linataka mambo mawili, mtu asiyepoteza na mtu anayejua kupanga, naye akayataja hayo mawili tu. Na hakuyataja hewani, kwa sababu mpango wa miaka saba ya neema na miaka saba ya njaa alikwisha kuutoa tangu alipokuwa gerezani.

Kuna jambo jingine katika kisa hicho ambalo hupita bila kuangaliwa. Mjumbe wa mfalme alipokuja kumtoa gerezani, Yusuf (A.S.) hakutoka mbio. Alitaka kwanza habari ya wale wanawake ichunguzwe ili jina lake lisafike. Aliyewahi kufukuzwa shule au kusingiziwa jambo mahali alipofanya kazi na aliangalie hilo.

Nabii Musa (A.S.) kule Madyan hakujisemea. Aliwateka maji mabinti wawili bila kuwadai kitu, kisha akaenda kukaa kivulini. Aliyemsemea ni mmoja wa mabinti wale, aliyemwambia baba yake amwajiri kwa sababu ni mwenye nguvu na mwaminifu. Na Mtume wetu (S.A.W.), kabla ya utume, alipewa mali ya Bibi Khadija (R.A.) aende nayo Sham kwa sababu habari za uaminifu wake zilikuwa zimetangulia mjini Makka. Kwa hiyo mmoja alijieleza, mwingine akaelezwa na aliyemwona akifanya, na wa tatu sifa yake ilimtangulia. Anayeomba kazi leo anazihitaji njia zote tatu.

Ninajua kuna ustadhi atakayenipinga, na ana haki ya kunipinga. Atasema Mwenyezi Mungu ametukataza kujitakasa katika Surat An-Najm, na Mtume (S.A.W.) alimkataza Abdur-Rahman bin Samura (R.A.) asiombe uongozi. Ni kweli tupu. Lakini uongozi ni mamlaka juu ya watu, wakati nafasi ya ukarani au udereva ni mkataba wa ujira. Mwenye duka anataka kujua ananunua nini, kama wewe unavyofunua majani kuangalia dagaa wa chini kabla hujanunua. Ama kuhusu Nabii Yusuf (A.S.), Ibn Kathir katika tafsiri yake anaeleza kwamba mtu anaruhusiwa kujitaja kwa wema ikiwa hali yake haijulikani na pana haja. Masharti ni hayo mawili, hujulikani na pana haja. Kijana wa Ujiji aliyeketi mbele ya watu watatu wasiomjua anayatimiza yote. Akienda kurudia maneno yale yale kwenye baraza la kahawa ili vijana wenzake wamwonee gere, hapo ndipo anapoingia katika lile lililokatazwa.

Kama mifano ya Mitume mnaiona iko juu sana, tuteremke mpaka hapa hapa Ujiji. Yupo mtu aliyeitwa Sidi Mubarak, ambaye Wazungu walimwita Bombay. Alizaliwa katika nchi ya Wayao, akatekwa angali mtoto na kuuzwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa akapata uhuru, akarudi Unguja, akawa askari wa Sultani. Mwaka 1857 alikuwa katika ngome moja karibu na Pangani, na huko wakamkuta Waingereza Burton na Speke waliokuwa wakijitayarisha kwenda bara. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Sidi Mubarak alijua Kihindustani, lugha ambayo Speke aliizungumza kidogo kwa kukaa India. Basi lugha ile aliyoipata katika dhiki ya utumwa ikawa ndiyo mtaji wake. Februari 1858 alifika nao Ujiji. Alifika tena na Stanley mwaka 1871, na mara ya tatu na Cameron mwaka 1874, ambaye alikwenda naye mpaka pwani ya Atlantiki mwaka 1875. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa pensheni, na alifariki mwaka 1885. Sitaki mtu anielewe vibaya. Safari zile ziliwafungulia njia wakoloni, na hilo lina mahali pake pa kuzungumzwa. Ninachokitaka mkione ni jinsi kitu ambacho mtu angekificha kwa aibu, yaani lugha ya nchi alikouzwa, kilivyomfungulia mlango.

Sasa tazameni wasifu wa vijana wetu, ile karatasi ambayo watu wengi huiita sivii. Penye lugha wanaandika "Kiswahili na Kiingereza" basi. Kijana huyo huyo nyumbani anazungumza Kiha na bibi yake. Mama yake anauziana vitenge na watu wa Uvira na Kalemie, kwa hiyo Kiswahili cha Kongo anakielewa na Kifaransa cha kuhesabia pesa anacho. Mwingine ana Kibembe, mwingine Kirundi. Na Kiarabu cha madrasa, hata kama ni cha kusoma tu, si kitu kidogo. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, watu wenye lugha hizi ndio waliohitajika kusimama kati ya daktari na mgonjwa. Lugha hizi tumezizoea mno hata tunaziona kama hewa.

Kwa nini hawaziandiki? Kwa sababu wasifu hawakuuandika wao. Wameuchapisha stesheneri. Mchapaji ana fomu yake moja kwenye kompyuta, anabadilisha jina na tarehe ya kuzaliwa, anapokea pesa yake. Nimewahi kusoma barua za vijana watatu kwa siku moja, na wote watatu walikuwa "mchapakazi, mbunifu na mwenye uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo," kwa maneno hayo hayo na kosa hilo hilo la tahajia. Mmoja wao namjua vizuri, Mungu anisamehe, uchapakazi hajawahi kuonana nao.

Kumbukeni mwaka 2014, pale Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70 na usaili ukalazimika kufanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa sababu walioitwa walizidi watu 10,000. Uwanja wa mpira! Mtu anayesoma maombi mengi kiasi hicho neno "mchapakazi" halimwambii chochote, kwani kila aliyemtangulia ameliandika. Kinachomsimamisha ni jambo ambalo wewe umelifanya: nini hasa, kwa muda gani, kwa kiasi gani, na nani aliyeona.

Yule binti nilimrudisha mkekani na kalamu ya risasi. Tulihangaika kama saa nzima. Mwishoni pale palipokuwa na "Sina" pakasomeka hivi: "Kwa miaka mitatu nimefundisha watoto 40 wenye umri wa miaka minne hadi saba kusoma na kuandika herufi, nimetunza daftari la mahudhurio ya kila siku, na nimekusanya na kukabidhi ada ya kila wiki." Hakuna sifa hata moja ndani yake, mchapakazi hayumo, na hakuna neno ambalo ustadhi wake hawezi kulithibitisha. Lakini aliyeisoma ameshamwona mwalimu.

Kijana aliyekwenda ziwani na kaka zake hana haja ya kuandika kwamba alikuwa "mjasiriamali." Aandike kwamba alitengeneza injini za boti kwa misimu miwili, na kama alisomea ufundi pale VETA aunganishe. Aliyesimamia chakula cha Maulidi ya mtaa, akajua mchele kilo ngapi kwa watu mia tatu na michango ikabaki na hesabu yake mpaka sumni ya mwisho, huyo amefanya kazi ya uhasibu na ya usimamizi, ingawa siku ile alikuwa amejifunga shuka na macho yamejaa moshi. Hafidhi naye aandike kwamba amehifadhi juzuu ngapi, kwani hakuna anayehifadhi bila subira na ratiba. Ila kama nafasi ni ya udereva, aitangulize leseni na hifdhi ifuate nyuma. Nabii Yusuf (A.S.) ametufundisha kutaja kile ambacho kazi inakitaka.

Wadhamini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwataka waombaji wataje wadhamini watatu wa kuaminika, na waajiri wengine hutaka hivyo hivyo. Vijana wetu hukimbilia kwa mtu mwenye cheo. Sheikh mkubwa ambaye hajui hata jina lako, akipigiwa simu atasema nini? Mwandike aliyekuona ukifanya, awe ustadhi wako, fundi wako, au mama mwenye duka ulilolihudumia. Mwende kabla, mwombe ruhusa kwa adabu, mweleze kazi ni ipi. Namba yake ya simu iwe inayopatikana.

Kwenye chumba cha usaili tabu yetu kubwa ni macho. Tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na ni adabu njema, lakini asiyekujua anaweza kudhani unaogopa au unaficha jambo. Salimia, subiri ukaribishwe kiti, na unapojibu mwangalie aliyekuuliza, kwa upole tu, kama unavyomwangalia ustadhi anapokusikiliza hifdhi. Na mwenye kuona maneno ya kujitaja yanamkwama kooni, Kiswahili chetu kimekwisha kumpa njia. Aseme, "Alhamdulillah, nimejaliwa kujua hesabu, na duka la baba nimeliandikia daftari miaka sita." Neno hilo "nimejaliwa" linaurudisha uwezo kwa Mwenye kuutoa, na wakati huo huo mwajiri amesikia alichotaka kusikia. Laiti ningelijua mwaka ule.

Lipo kosa la upande wa pili, nalo ni baya zaidi kuliko aibu. Mwaka 2017 Serikali ilihakiki vyeti vya watumishi wa umma, wakapatikana 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, wana nyumba na watoto shuleni. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya fungu la chakula, vidole vikakuta umajimaji uliofichwa chini ya kikavu, akamkemea muuzaji na kuonya kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja nasi. Wasifu nao ni fungu la nafaka. Ukiandika kwamba unaijua kompyuta wakati umewahi kuigusa mara mbili, umeweka kavu juu na bichi chini, na mshahara utakaoupokea utakula nao futari. Kama hujui, sema hujui na uko tayari kujifunza. Hilo halijawahi kumwaibisha mtu.

Wazazi wengi watasema maneno haya ni ya bure, kazi ni za kujuana, asiye na mjomba ofisini hapati. Siwezi kusema hakuna upendeleo wala rushwa, nitakuwa mwongo. Lakini nimeona pia nyumba ambazo msemo huo umekuwa godoro la kulalia. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, ulitiwa saini Desemba 2022. Kazi kama hizo huwavuta watu kutoka Mwanza, Dodoma na kwingineko, na wao hawaoni haya kusema wanachokijua. Wa kwetu akienda pale akasema "mimi ni mtu wa kawaida tu," tusimsingizie mjomba wa mtu.

Na sisi wazazi tuna sehemu yetu. Mtoto akirudi nyumbani akasema, "Leo nimewasomesha wenzangu," tunamjibu, "Wacha maringo." Mara moja, mbili, mwisho anajifunza kwamba kila jema lake ni la kufichwa. Mjibuni, "Mashaallah, uliwasomesha nini? Walielewa?" Akizoea kueleza alichokifanya akiwa na miaka kumi, hatatetemeka akiwa na ishirini.

Yule binti aliitwa kwenye usaili. Mpaka jarida hili linakwenda kuchapwa majibu yalikuwa hayajatoka, tumwombee dua.

Anayetaka kusomewa barua yake anikute barazani kwa ustadhi kila Ijumaa baada ya Alasiri, wavulana kwa wasichana, na wazazi wanakaribishwa kuja na watoto wao. Aje na tangazo lenyewe la kazi pamoja na karatasi mbili tupu. Ile ya stesheneri aiache nyumbani.

Wabillahi tawfiq.